Punje niliyomwonyesha mzee

Jana jioni binti yangu kamwaga unga wa ngano kwenye kikaango cha chapati, ukaungua, ile harufu ikanikuta sebuleni nikasimama. Nikamwambia hapa panaanza kunuka maabara ya kupima dhahabu, akacheka, "Mama, unga na dhahabu wapi na wapi?"

Ndo hivyo lakini. Pale Mwanza nilipofanyia fildi kulikuwa na gunia la unga huu huu wa dukani, limekaa pamoja na ndoo za magadi, boraksi na oksaidi ya madini ya risasi. Unapima gramu 50 za jiwe lililosagwa likawa kama poda, unachanganya na hivyo vyote, unaingiza kwenye tanuru la nyuzi 1,100 hivi. Unga ukiungua unainyang'anya ile oksaidi oksijeni yake, inabaki risasi tupu, na risasi inashuka tone kwa tone huku inazoa kila chembe ya dhahabu inayokutana nayo njiani. Ukishamimina, ikapoa, ukagonga ule uchafu wa kioo kwa nyundo, unabaki na kipande cha risasi mkononi, dhahabu yote imo humo na wala huioni.

Basi akaja mzee mmoja kutoka upande wa Geita na kiroba cha mawe. Duara lao, yaani shimo lao la kuchimbia, lilikuwa limeshaenda chini sana, wenzake wameanza kuchoka, yeye anataka kujua auze ng'ombe waendelee kuchimba au aache. Mawe yake yalikuwa yanang'aa, salfaidi tupu, yaani madini yaliyoungana na salfa, mpaka unga ikabidi tupunguze maana salfa nayo inafanya kazi ile ile. Alikaa kwenye benchi nje tangu asubuhi, kila nikipita ananiuliza, "Mwanangu, bado?"

Mchana msimamizi alipotoka kwenda kula nikamruhusu asimame mlangoni, nikampa miwani ya akiba.

Kile kipande cha risasi kinawekwa kwenye kikombe kidogo cha majivu ya mifupa, kinarudi tena motoni nyuzi 950 hivi, na kikombe kinaanza kuinywa risasi. Nikafungua mlango wa tanuru kidogo mzee aone. Risasi inazunguka kama mafuta juu ya mchuzi, inapungua, inapungua, inabaki kitone, halafu juu ya kile kitone zikapita rangi za upinde wa mvua mbio mbio, kikafifia kama kinazima, mara kikamulika. Mara moja tu, kikatulia. Mzee akasema, "Ee Mungu wangu," kwa sauti ya chini kabisa.

Kilipopoa nikampelekea pale mlangoni. Punje kama kichwa cha pini. Alivua kofia, akainama mpaka pumzi yake ikapeperusha majivu kidogo.

"Mbona nyeupe?"

"Imechanganyika na madini ya fedha, mzee."

Ni kweli ilikuwa fedha. Ila ile fedha ni ya kwetu, tunaitia wenyewe kabla ya tanuru, milligramu chache kwa kila sampuli, ili dhahabu kama ni kidogo ipate pa kushikilia isipotee. Hata ungesaga tofali ungepata punje kama ile. Nilikuwa najua, na maneno yalishafika mdomoni kabisa, lakini mzee alikuwa anacheka, amenishika mkono na glavu yake yote, ananisimulia wajukuu, nikasema moyoni acha, kesho si atapata karatasi.

Kesho yake tindikali ikayeyusha fedha, nyingine ikayeyusha kilichobaki, mashine ikasoma. Dhahabu gramu 0.12 kwa tani ya mawe. Kwa karasha, ile mashine ya kusaga mawe, na zebaki hapo hupati hata hela ya dizeli.

Karatasi alipewa na msimamizi lakini akanifuata mimi. "Nisomee mwanangu." Nikamsomea.

"Na ile niliyoiona?"

Nikamweleza habari ya fedha, yote, nimetazama chini.

"Kwa hiyo ilikuwa ya kwenu."

"Ndiyo, mzee."

"Na jana ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati. "Jana usiku nilipiga simu nyumbani," akasema. Kisha akaniaga vizuri tu, ubaki salama mwanangu, akashika njia ya stendi.

Siku hizi mtu akileta mawe namwambia habari ya fedha kabla hata hajakaa. Wengine nawaona wanavyonyong'onyea na majibu hayajatoka, na mawe ya baadhi yao yanakuja kuwa mazuri, sasa hapo nakuwa nimewanyima nini sijui.

Binti yangu akauliza, "Sasa waliuza ng'ombe?" Nikamwambia alete kikaango nikisugue.