Pasi ya Mzee Simoni

Jumapili, saa nne usiku

Leo nimemaliza kukata karatasi ya tatu ya manila, na boksi la viatu ninalohifadhia kadi zangu limeanza kutanuka ubavuni. Kila kadi ina neno moja la Kiingereza mbele na maana yake kwa Kiswahili nyuma, na chini ya maana hiyo nimechora kwa kalamu nyekundu picha ya kipuuzi ambayo nisingependa mwanafunzi wangu yeyote aione. Najiandaa kwa mtihani wa GRE, ambao vyuo vikuu kadhaa vya Marekani huutumia kuwapima waombaji wa shahada za juu. Hesabu hazinitishi. Sehemu ya lugha, yenye maswali 27 ya kujibiwa kwa dakika 41, ndiyo inayonifanya nijione kana kwamba sikufundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza.

Mwanzoni nilikariri orodha kavukavu: asubuhi maneno thelathini, jioni yamebaki sita. Kitabu nilichoazima kilikuwa na mbinu zake za kukumbukia, lakini zilitungwa kwa ajili ya mtu aliyekulia kwingine, zimejaa besiboli na vipindi vya televisheni ambavyo sikuwahi kuviona, hata ikanibidi nikariri mbinu kwanza ndipo nikariri neno.

Nilipofika kwenye "parsimonious", maana yake bahili, sikio langu lilisikia "pasi" na "Simoni". Papo hapo nikambuni jirani, Mzee Simoni, mwenye pasi ya mkaa. Huhesabu vipande vitatu tu vya mkaa, akavipuliza, akanyoosha kola na kifua cha shati, kwa kuwa mgongo utafunikwa na koti. Akimaliza huvizima kwa maji na kuvianika dirishani avitumie tena kesho. Neno hilo halijanitoka hadi leo. "Garrulous" likawa gari, yaani daladala ambayo konda wake hanyamazi hata abiria wote wakishashuka. "Abate" likawa bati, mvua ya masika inayopungua kelele juu ya paa, ingawa mwalimu mwenzangu alinicheka aliponisikia nikilitamka kwa Kiswahili, akasema mtihani wa GRE hautanisikia lakini watu watanisikia.

Sidai kuwa nimevumbua kitu. Mwaka 1975 Richard Atkinson na Michael Raugh wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa wanafunzi maneno 120 ya Kirusi. Waliounganisha kila neno na neno la lugha yao lenye sauti inayokaribiana, kisha wakajenga picha, walikumbuka asilimia 72, na wenzao asilimia 46. Walipopimwa tena kwa kushtukizwa wiki sita baadaye, walikuwa na asilimia 43 kwa 28. Hiyo takwimu ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu hata wenye picha walikuwa wamepoteza sehemu kubwa. Ndiyo maana boksi langu lina vyumba vitano, kwa mtindo wa Mjerumani Sebastian Leitner: kadi niliyoijibu husogea chumba cha mbele na kusubiri siku nyingi zaidi, niliyoikosa hurudi chumba cha kwanza. Nadhani sisi tuliolelewa kwa vitendawili tuna nafuu kidogo. Aliyekubali tangu utotoni kwamba kuku wangu aliyetagia mibani ni nanasi hashindwi kuamini mzee anayeanika mkaa.

Lakini picha nazo hudanganya. "Mendacious", mwongo, nililifunga kwa mende anayeapa mahakamani huku amekunja mguu mmoja nyuma, nikajipongeza. Wiki iliyopita, katika zoezi, nikapewa kifungu kuhusu Wafransisko wa karne ya 13, ambao waliitwa "mendicant", yaani watawa waliojinyima mali na kuishi kwa kuombaomba. Mende akaruka mbele yangu kabla sijafika mwisho wa sentensi. Nikawasoma watawa wa watu kama genge la waongo na kukosa maswali yote matatu ya kifungu hicho. Sasa mende wako wawili, na wa pili ameshika bakuli.

Kosa la Mzee Simoni lilikuwa la aina nyingine, na lilianzia kwa mpwa wangu aliyeichomoa kadi yake bila ruhusa.

"Mjomba, huyu babu ni mbaya?"

"Si mbaya, ni bahili."

"Lakini shati lake limenyooka."

Nilimnyang'anya kadi. Siku mbili baadaye nikakutana na neno lilelile katika kifungu cha sayansi, likiisifu nadharia inayoeleza mambo mengi kwa dhana chache, bila kuongeza sababu zisizohitajika. Nilichagua jibu la lawama, kwa kuwa kichwani mwangu neno hilo lilikuwa na sura moja tu, ya mzee mchoyo. Jioni hiyo nilichora upya nyuma ya kadi: vipande vilevile vitatu vya mkaa, lakini safari hii Mzee Simoni amenyoosha shati zima, mgongo na mikono, na mkaa bado unawaka. Mpwa wangu alisaidia kupaka rangi.

Usiku huu nimepitia kadi arobaini na moja. Thelathini na sita zimesogea. "Sanction" imerudi chumba cha kwanza kwa mara ya tano, kwa sababu maana yake ni kuruhusu na pia ni kuadhibu, na bado sijapata picha ya mtu anayetoa ruhusa na fimbo kwa mkono mmoja. Nimeiacha mezani, juu ya madaftari ya kidato cha pili ambayo nilipaswa kuwa nimeyasahihisha.