Asubuhi Niliyosema Barabara Ni Nzuri

Simu ililia saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikiwa bado sijavua koti. Mama aliyepiga hakuwa na muda wa salamu ndefu. "Samahani dada, mna hakika mabasi yanatoka leo? Huku kwetu mlimani barabara ni kioo cha barafu." Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyekesha kazini na anayejua anachosema: "Tumekagua, mama. Barabara ni nzuri. Tumesogeza masomo mbele kwa saa mbili tu, kwa usalama zaidi." Akanyamaza kidogo. "Haya, kama mmekagua," akasema, akakata.

Ilikuwa Februari 2015. Nilikuwa msaidizi katika ofisi ya usafiri wa shule, na kazi yangu wakati wa dhoruba ilikuwa kutoka usiku, kutazama barabara, kisha kumpigia mkurugenzi wa elimu na kumweleza nilichokiona. Yeye ndiye aliyeamua kufungua, kuchelewesha au kufunga. Lakini aliamua akiwa nyumbani kwake, gizani, kwa kutegemea macho yangu.

Dhoruba ilikuwa imeanza Jumapili jioni. Haikuwa theluji, ilikuwa ile mvua inayoganda, ambayo mimi naiogopa kuliko theluji yoyote. Huko juu angani theluji inapita kwenye hewa yenye uvuguvugu, inayeyuka na kuwa mvua. Kisha karibu na ardhi inakuta hewa iliyo chini ya sifuri. Matone hayapati nafasi ya kuganda yakiwa angani. Yanashuka yakiwa maji, yakigusa tu kitu chochote, yanaganda papo hapo: tawi, waya wa umeme, kitasa cha mlango, lami. Usiku ule tulisikia matawi yakivunjika mpaka alfajiri. Jumatatu shule zikafungwa na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Shida ilikuwa Jumanne.

Jumatatu mchana jua lilitoka. Maji yakachuruzika kwenye mapaa, malori ya kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu yakapita mara mbili barabara kuu, na ilipofika jioni katikati ya mji pakavu kabisa. Simu za wazazi zikaanza kuja za namna nyingine: mbona mmefunga, mbona barabara safi, nani atakaa na watoto wangu kesho tena? Sikuwaona ni wakorofi. Wako waliokosa mshahara wa siku kwa sababu yetu. Wako watoto ambao mlo wao wa uhakika ni ule wa shuleni, na kila siku tunayofunga ni siku ambayo hatujui wamekula nini. Hilo lilikuwa likinikaa rohoni kila nilipoandika neno "zimefungwa" kwenye tangazo, na bado linanikaa.

Tena kulikuwa na mkasa wa Atlanta, mji wa kusini mwa Marekani. Mwaka mmoja nyuma, tarehe 28 Januari 2014, theluji isiyofika hata sentimita 8 ilianguka huko mchana wa siku ya kazi. Shule, ofisi na biashara zikawaachia watu karibu saa ile ile, magari yote yakaingia barabarani pamoja, lami ikaganda chini yao. Maelfu ya wanafunzi walilala shuleni, wengine walikwama ndani ya mabasi mpaka usiku. Tulizitazama picha zile ofisini tukiwa kimya. Baada ya hapo kila mtu katika kazi yetu alikuwa na wimbo mmoja: amua mapema. Mkurugenzi akaweka saa kumi na moja kamili alfajiri kuwa mwisho wa kungoja taarifa, na kwa haki kabisa, maana mzazi anayetoka kwenda kazini saa kumi na mbili hawezi kuambiwa saa kumi na mbili.

Saa tisa na nusu usiku wa kuamkia Jumanne nikatoka na dereva wetu mkongwe, ambaye sote tulimwita Mzee. Alikuwa ameendesha mabasi ya shule kwa miaka mingi kuliko mimi niliyokuwa nimefanya kazi yoyote. Anga lilikuwa jeupe, nyota tele, hakuna upepo. Kipimajoto cha gari kilisoma nyuzi 2 juu ya sifuri. Barabara kuu ilikuwa kavu, imepauka kwa chumvi. Tukapita mbele ya shule moja, ya pili, ya tatu. Mzee akafunga breki kwa nguvu mara kadhaa kwenye maegesho matupu, gari likasimama palepale. Mimi nikaweka alama ya vema kwenye karatasi yangu.

Saa kumi na nusu Mzee akasema, "Twende mlimani, mwanangu. Huku hatujaona kitu."

Nikatazama saa. Kupanda na kushuka ni dakika arobaini. "Hatutawahi, Mzee. Simu ya mkurugenzi ni saa kumi na moja."

Hakubishana. "Wewe ndiye mwenye karatasi," akasema, akageuza gari.

Nilipopiga simu nilieleza kila kitu kwa mpangilio: barabara kuu kavu, nyuzi 2 juu ya sifuri, chumvi imepita. Mkurugenzi akauliza, "Na kwingine?" Na hapa ndipo. Nilikuwa na jibu la kweli, fupi, mdomoni: kwingine hatukufika. Badala yake nikasema, "Kwingine nako kutakuwa vivyo hivyo jua likichomoza." Akatafakari, akasema basi tucheleweshe kwa saa mbili. Nikahisi tumeamua jambo la busara, kwa kuwa lilikuwa katikati ya mawili.

Sikujua wakati ule mambo ambayo leo naweza kuyaeleza nikiwa usingizini. Kipimajoto cha gari hupima hewa, hakipimi lami. Usiku wa anga jeupe, ardhi hupoteza joto lake moja kwa moja kuelekea juu, hivyo hewa inaweza kusoma nyuzi 2 au 3 huku uso wa barabara uko chini ya sifuri. Daraja ni baya zaidi, kwa sababu halina udongo chini yake wa kulihifadhia joto. Hewa baridi inalizunguka juu na chini. Upande wa mlima usiopigwa na jua haukukauka Jumatatu kama mji ulivyokauka. Maji yaliyeyuka juu, yakashuka barabarani, yakaisomba chumvi, halafu usiku yakaganda upya. Na hata chumvi yenyewe si dawa ya kila baridi. Halijoto ikishuka chini ya nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, chumvi huanza kufanya kazi pole pole sana. Kuhusu zile saa mbili zetu: baridi ya siku kwa kawaida hufika kilele karibu na macheo au muda mfupi baada yake, si usiku wa manane. Kuchelewesha kunawapa madereva mwanga na kunayapa malori muda wa kumwaga chumvi. Pale ambapo lori halifiki, saa mbili hazifanyi kitu.

Mlimani lori lilikuwa halijafika.

Njia ya mlimani ilikuwa ya Mzee. Saa mbili na nusu asubuhi sauti yake ilitoka kwenye redio ya ofisi, tulivu mno: "Basi limeteleza darajani. Watoto tisa, wote salama. Siwezi kwenda mbele, siwezi kurudi nyuma. Msilete basi jingine."

Nilikwenda na fundi mmoja kwa pikapu, tumebeba mifuko ya mchanga. Tuliacha gari chini kabisa, tukapanda kwa miguu tukikanyaga nyasi za pembeni, kwa kuwa kwenye nyasi mguu unashika. Jua lilikuwa limechomoza na liling'ara kwenye mapaa ya mji chini yetu, ila mteremko ule ulikuwa bado kivulini. Nilichuchumaa, nikaigusa barabara kwa kiganja. Ukiitazama ni lami tupu, nyeusi, kama iliyolowa kidogo. Hakuna weupe wowote wa kumwonya mtu. Mkono uliteleza kama juu ya sahani iliyopakwa mafuta. Mwongozo wa barabara wa Uingereza unasema kwenye barafu gari linaweza kuhitaji umbali mara 10 zaidi ili lisimame kuliko kwenye barabara kavu. Nilikuwa nimeusoma mstari huo zamani. Pale nikaugusa.

Basi lilikuwa limekaa mshazari, tako lake limeelekea kwenye kingo za daraja. Kilichokuwa kimelizuia ni rundo la theluji ngumu iliyosukumwa pembeni wiki kadhaa nyuma. Chini ya daraja kulikuwa na kijito na mawe. Mzee alikuwa amezima injini lakini hajaachia usukani. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu yake, kana kwamba akiiondoa basi litaondoka. Watoto alikuwa amewakusanya mbele karibu na mlango, na alikuwa akiwauliza mmoja mmoja majina ya wanyama wao wa nyumbani. Hakunitazama kwa hasira. Ningependa angenitazama kwa hasira.

Tukamwaga mchanga mlangoni, tukawashusha mmoja mmoja, mkono kwa mkono mpaka kwenye nyasi. Fundi akakaa mbele, mimi nyuma, watoto katikati wameshikana makoti. Aliyekuwa karibu nami ni msichana wa miaka saba hivi, glavu moja imempotea. Nikampa yangu, ikamfika karibu na kiwiko.

"Mama alipiga simu," akaniambia.

"Najua," nikasema. "Aliongea na mimi."

Wale waliokaa karibu tuliwarudisha makwao kwa miguu. Nyumba ya msichana yule ilikuwa ya tatu kutoka darajani. Mama yake alikuwa tayari nje, anakuja akishikilia uzio, hatua kwa hatua. Alimkumbatia mtoto kwanza, kwa muda mrefu, akamkagua uso na vidole. Kisha akanigeukia. Sauti niliitambua mara moja.

"Mlikagua wapi?"

"Barabara kuu," nikasema. "Na shule tatu za chini. Huku hatukufika."

Nilingoja anifokee. Alinitazama tu, akavuta kofia ya mwanawe ikafunika masikio. "Ungeniambia hivyo asubuhi," akasema. "Hivyo tu. Nisingempandisha."

Mchana ule nilikwenda kwa mkurugenzi nikamweleza bila kupunguza: aliponiuliza kuhusu kwingine, nilimjibu kitu nisichokuwa nimekiona. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunifukuza kazi, na sitasahau kwamba swali lake la kwanza lilikuwa kama Mzee amepata mtu wa kumrudisha nyumbani. Jioni tukakaa watatu mezani na ramani.

Orodha ya ukaguzi ilikuwa imepangwa kwa kuanzia yadi ya mabasi, kwa sababu ndiko gari linakotoka. Mzee akaipindua. Tukaanza na daraja, kisha mteremko wa kivulini, kisha pale maji ya chemchemi yanapokatiza barabara, na barabara kuu ikawa ya mwisho. Muda ukituishia, utuishie kwenye sehemu iliyo rahisi. Tukanunua kipimajoto cha mkononi kinachopima uso wa lami, si hewa. Tukapata ruhusa ya kufungua shule huku njia za mlimani zikisimama, na watoto wa huko wasihesabiwe watoro, maana kuwafungia watoto wa mji mzima kwa ajili ya daraja moja nako kunaumiza. Tangazo nalo likabadilika. Neno "tumekagua" likawa haliruhusiwi kusimama peke yake. Ni lazima lifuatwe na mahali na saa. Hilo la mwisho nililidai mimi, na katika miaka yote niliyobaki ofisini sikukubali liachwe hata siku moja.

Halafu tukaandika namba za simu za watu wanaoishi pale hasa panapoganda, waliokubali kuamshwa. Namba ya kwanza kwenye karatasi ilikuwa ya mama yule. Nilikwenda kumwomba mwenyewe, mlangoni kwake, nikitegemea atakataa. Aliniuliza nitapiga saa ngapi, akaiandika ukutani karibu na simu.

Dhoruba iliyofuata ilikuja katikati ya Machi. Saa tisa usiku mimi na Mzee tulikuwa chini ya mlima, taa zimewashwa, hatujapanda bado. Nikapiga. Ilipokelewa kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Nimeshatoka nje," akasema. "Subiri."

Nikaweka simu kwenye spika ili Mzee naye asikie. Tulisikia hatua zake kwenye kokoto, kisha kwenye nyasi, kisha zikasimama. Halafu kisigino kikigonga mara mbili, sauti kavu kama ya mtu anayegonga kigae.

"Daraja bado," akasema.