Krismasi Yangu Haiishi Desemba

Shemeji yangu ndiye aliyeniingiza mkenge. "Ukitaka Krismasi isiishe, usiutoe mti," akaniambia, na mimi mtu mzima na akili zangu nikamsikiliza. Mti wenyewe wa plastiki, wa Kariakoo mtaa wa Kongo, elfu thelathini na ushee baada ya kubishana bei mpaka koo likanikauka. Nikauvika taa, nikautandikia pamba ziwe theluji, Tabata hii ambayo usiku hulali bila feni.

Januari ulipendeza. Februari ukaanza kushika vumbi. Masika ilipochanganya nikawa nasikia chakarachakara pembeni usiku, nikamsingizia mjusi. Asubuhi moja nainua pamba nipanguse: panya kazalia ndani ya theluji yangu! Vitoto sita, vyekundu, macho hayajafumbuka. Mimi juu ya kiti, mume wangu na fagio, mwanangu wa mwisho analia tusiviguse, eti hiyo ni hori ya Betlehemu. Mti ulilala jalalani siku hiyohiyo. Shemeji mpaka leo anasema kosa lilikuwa pamba.

Kilichonifaa nilikiokota kazini. Miaka ile nilikuwa napika kwa familia moja ya Kiyahudi, Masaki. Wana Hanuka yao, siku nane, mara nyingi Desemba, kukumbuka Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi wa kale, walivyoliweka wakfu upya hekalu la Yerusalemu. Wasioamini wafungue Yohana 10:22, ndiyo hiyo Sikukuu ya Kutabaruku. Kinara kina mishumaa minane na wa tisa wa kuwashia wenzake, wanauita shamash, yaani mtumishi. Usiku wa kwanza unawaka mmoja, wa pili miwili, hivyohivyo mpaka nane. Mama yule akishawasha, anakaa. Hafui, hagusi sahani, kama nusu saa hivi. "Dada, kaa na wewe," akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Nikakaa, naangalia nta inavyodondokea sinia, miguu yenyewe inashangaa.

Basi nikakihamishia kwangu kile kikao, na mishumaa yake, kila tarehe 25, iwe Machi iwe Julai. Niliwahi kumuuliza paroko kama nakosea; akacheka, akauliza kama vitumbua vimebaki. Maana vitumbua lazima. Wenzetu wa Hanuka wanakula vya kukaangwa kwa ajili ya mafuta ya taa ya hekaluni, yanayosimuliwa kuwa yalikuwa ya siku moja yakawaka nane. Mimi mchele nauloweka tangu jana yake, tui zito, iliki, na mafuta sibanii. Januari sahani moja mlango wa pili, Februari sahani mbili, naongeza mlango mmoja kila mwezi. Nikifika nane narudi mmoja, mfuko nao una roho. Ikiangukia Ramadhani nasubiri adhana ya magharibi ndipo namtuma mtoto. Na sahani hazirudi tupu: nimeshapata kachori, nimeshapata ndimu, mara moja nikapata sahani isiyo yangu, nzuri kuliko yangu. Nikanyamaza.

Mishumaa ile si ya kumulikia kazi, ndiyo sababu yule mtumishi yupo. Mwezi uliopita umeme ukakatika katikati ya kikao, mume wangu akanyakua mshumaa atafutie kandambili chini ya kitanda. Mwanangu akaruka: "Baba, huo hapana! Chukua mtumishi!"