Alama ya & iliyokata utafutaji dukani

Tovuti ya duka moja la viungo hapa Mombasa ilikuwa na kasoro: mteja akitafuta "bizari & iliki", analetewa bizari peke yake. Ndani ya anwani ya ukurasa (URL), inayobeba neno linalotafutwa, & hutenganisha vigezo (vipande vya taarifa vinavyotumwa), kwa hiyo iliki ilihesabiwa kigezo kingine. Alama ya # ni mbaya zaidi. Kinachoifuata hakifiki kwenye seva kabisa.

Nilianza na trim(), amri ya JavaScript, kuondoa nafasi za pembeni, na neno tupu nikalikataa. Kisha thamani pekee (neno lililotafutwa), si anwani nzima, nikaipitisha kwenye encodeURIComponent(), inayogeuza alama maalumu kuwa misimbo salama: & ikawa %26, nafasi ikawa %20. Ukiipitisha mara mbili, %20 hugeuka %2520, balaa tupu. Siku hizi napendelea URLSearchParams, zana ya JavaScript ya kuunda vigezo, inasimba yenyewe (ila nafasi huiandika +).