Draiva za simu ya zamani: jinsi nilivyozipata zinazokubali kwenye Windows 10

Ukitaka kuunganisha simu ya zamani na kompyuta, ushauri utakaopewa na kila mtu ni mmoja: andika jina la simu Google, pakua draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuzungumza na kifaa), basi. Ushauri huo umewamalizia watu bando na kuwajazia kompyuta takataka, na ndio ulionifanya niandike haya. Windows haina habari na jina lililoandikwa kwenye kava la simu. Inachosoma ni namba mbili zinazotumwa na kifaa kikichomekwa: VID, inayomtaja mtengenezaji, na PID, inayokitaja kifaa chenyewe. Simu mbili zenye majina tofauti kabisa zinaweza kutumia draiva ileile kwa sababu chipu ni moja, na simu mbili za jina moja zikakataa draiva moja kwa sababu chipu si moja.

Kwa hiyo mimi huanzia kwenye namba. Fungua Device Manager, sehemu ya Windows inayoorodhesha vifaa vya kompyuta, tafuta kifaa chenye alama ya njano, ingia Properties, kisha Details, na kwenye orodha chagua Hardware Ids. Utaona kitu kama USB\VID_0E8D&PID_0003. Zile herufi na tarakimu nne baada ya VID zinatosha kukupa mwelekeo: 0E8D ni MediaTek, 1782 ni Spreadtrum, 04E8 ni Samsung, 05C6 ni Qualcomm, 0421 ni Nokia, 067B ni Prolific. Tecno nyingi za zamani utazikuta kwa MediaTek, na itel nyingi kwa Spreadtrum. Maneno ya kutafuta mtandaoni ni hayo, si "draiva ya simu fulani".

Kama Device Manager haionyeshi kitu chochote kipya, hata alama ya njano, acha habari ya draiva, shika waya. Nyaya nyingi zinazouzwa barabarani Kariakoo, kuanzia Msimbazi mpaka Aggrey, ni za chaji tu. Ndani zina nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, basi. Waya wa data una nyaya nne: nyekundu ya umeme, nyeusi ya ardhi, nyeupe na kijani za data. Simu itachaji vizuri kabisa na kompyuta isijue kama kuna simu. Muuzaji akikwambia "huu ni wa data", mwombe auchomeke kwenye simu yoyote ya Android na kompyuta hapohapo dukani. Mwenye waya mzuri hatakataa, na bei haipishani sana.

Kama kompyuta inaandika "Unknown USB Device" na Code 43, kuna mguso lakini data haifiki salama. Mara nyingi ni tundu la simu lenye kutu. Simu zilizokaa miaka kwenye droo, na hewa yetu ya pwani hii, pini zake huota ukungu wa kijani. Mswaki laini na spiriti ya kusafishia vinatosha. Jambo la pili ni tundu la kompyuta: matundu ya bluu ya USB 3.0 yana ugomvi na baadhi ya simu za zamani. Tumia jeusi, au pitishia kwenye habu ya bei rahisi ya USB 2.0.

Sasa nije kwenye kazi ninayojivunia, Nokia 6230. Hii ni simu ya Pop-Port, lile tundu pana la chini, na waya wake unaopatikana siku hizi ni nakala ya CA-42, waya wa data wa Nokia. Hapa watu hupotea kabisa, kwa sababu wanatafuta draiva ya Nokia. Namba iliyotokea kwenye kompyuta ilikuwa VID_067B&PID_2303. Hiyo si simu, ni waya! Ndani ya kichwa cha waya kuna chipu ya PL2303 ya Prolific, inayogeuza USB kuwa mlango wa COM, yaani ule mlango wa serial wa kizamani. Simu iko nyuma yake na Windows haiioni hata kidogo. Nakala nyingine za CA-42 zina chipu ya ArkMicro, namba yake ni 6547 na 0232, na hiyo inataka draiva nyingine kabisa. Nyaya mbili zinazofanana rangi, urefu na pakiti, kutoka meza moja, zinaweza kuwa na chipu mbili tofauti.

Windows 10 ikajichukulia draiva mpya ya Prolific yenyewe, alama ya njano ikabaki, na chini yake Code 10: kifaa hakiwezi kuanza. Draiva ni sahihi, chipu ni nzima, lakini matoleo mapya ya draiva hiyo yanazikataa kwa makusudi chipu za nakala na zile za zamani. Kwenye matoleo ya karibuni zaidi utakuta imeandikwa wazi kwamba PL2303HXA imesitishwa tangu 2012. Hapo ndipo mafundi wengi wanasema waya ni kimeo, unatupwa, unanunuliwa mwingine wenye chipu ileile, unakataa vilevile.

Dawa yake ni kurudi nyuma kwenye toleo la 3.3.2.102. Lakini kuliweka tu hakutoshi, kwa sababu Windows hupenda toleo jipya na italirudisha. Baada ya kuliingiza la zamani, rudi Device Manager, bofya kifaa, chagua Update driver, kisha "Browse my computer", kisha "Let me pick from a list". Hapo utaona Prolific imeandikwa zaidi ya mara moja, kila mstari na toleo lake. Chagua 3.3.2.102, endelea, na alama ya njano inafutika palepale. Kitu kinachowasumbua watu kesho yake ni hiki: waya huo hauna namba ya utambulisho wake, kwa hiyo ukiuchomeka kwenye tundu jingine Windows inaona ni kifaa kipya, inakipa namba nyingine ya COM na kukirudishia draiva mpya. Weka alama kwenye tundu moja, utumie hilohilo siku zote.

Kabla hujafungua programu yoyote kubwa, pima kama simu inasikia. Mimi hutumia PuTTY, programu ndogo ya bure. Chagua Serial, andika namba ya COM uliyoiona Device Manager, kasi 115200, fungua. Kitatokea kioo cheusi kitupu. Andika AT, ndio mwanzo wa amri ambazo modemu ya simu huzielewa, bonyeza Enter. Simu ikijibu OK, njia yote ni nzima: waya, chipu, draiva, simu. Kama huoni unachoandika, andika ATE1 kwanza. Kipimo hiki kinamaliza ubishi wote wa "labda draiva, labda programu". Nokia ilipojibu OK nilifungua Nokia PC Suite toleo la 7.1, kwenye mipangilio ya muunganisho nikaruhusu waya wa serial na kuichagulia COM ileile. Kama namba ya COM ni kubwa, ishushe kwenye Port Settings, Advanced, maana programu za enzi hizo hazitazamii namba kubwa.

Kwa viswaswadu (simu za vitufe) vya Kichina vya laini mbili kazi ni nyepesi kuliko watu wanavyoifanya. Ukichomeka waya, simu inauliza unataka nini: hifadhi, kamera au COM. Chagua COM. Windows 10 ina draiva yake ya serial tayari, usbser, na mara nyingi huishika simu bila wewe kupakua chochote. Ikishindwa, ingia tena "Let me pick from a list", chagua Ports, kisha Microsoft, kisha "USB Serial Device". Nimeona watu wakipakua pakiti za MB mia kadhaa kwa kitu ambacho tayari kipo ndani ya kompyuta.

Na ukishapata OK kwenye simu hizo, majina unaweza kuyatoa bila programu ya ziada. Andika AT+CPBS="ME" kuchagua kumbukumbu ya simu, au "SM" kwa laini. Kisha AT+CPBR=? simu ikwambie nafasi ni ngapi, tuseme 1 mpaka 500. Halafu AT+CPBR=1,500 na majina yataanza kushuka kwenye kioo, kila mstari una nafasi, namba ya simu, 145 kama imeandikwa kwa +255 au 129 kama imeanza na sifuri, na jina. Kabla ya hapo, kwenye PuTTY fungua Logging na uchague ihifadhi kila kitu kwenye faili, faili hilo ndilo utakalofungua kwenye Excel. Majina yakitoka kama mlolongo wa tarakimu na herufi, 004D0061006D0061 kwa mfano, usidhani yameharibika. Hiyo ni UCS2, kila herufi imechukua tarakimu nne, na hapo pameandikwa Mama. Jaribu AT+CSCS="GSM" kisha soma upya. Meseji ni AT+CMGF=1 halafu AT+CMGL="ALL", ingawa baadhi ya simu huikataa hii ya pili.

Android za zamani zina mambo yake. Kama unataka picha tu na simu inawaka, unachohitaji ni MTP, njia ya kuhamisha picha na mafaili, na draiva yake iko ndani ya Windows: chagua Portable Devices, kisha MTP USB Device. Ikikosekana kwenye orodha, angalia kama Windows yako ni toleo la N. Hayo huja bila Media Feature Pack, na bila hiyo MTP haipo. Kwa ADB, chombo cha kuiamuru Android kutoka kompyuta, draiva ya Google mara nyingi haina namba ya simu yako ndani ya faili lake la inf, lile linaloorodhesha vifaa inavyovihudumia. Unaweza kuiongeza kwa Notepad, lakini ukishagusa faili hilo saini yake ya kidijitali inavunjika na Windows inaikataa. Shikilia Shift ukibofya Restart, ingia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 7, ya kuzima ukaguzi wa saini. Inaruhusu mpaka utakapozima na kuwasha tena. Nakushauri ufanye hivyo pale tu unapojua faili limetoka wapi. Kwenye Windows 11 kuna kizuizi kingine, Memory integrity, ndani ya Core isolation, nacho huzuia draiva kongwe hata zenye saini.

Simu ya MediaTek iliyozimika ndiyo inayowachanganya wengi. Ukiichomeka ikiwa imezimwa, inajitokeza kama 0E8D na 2000, sekunde chache tu, kisha inapotea. Watu husema draiva inakatika, kumbe ndivyo ilivyotengenezwa: inasubiri kwa muda mfupi amri kutoka kwenye kompyuta, isipoipata inaendelea na chaji. Huwezi kuikimbiza kwa kipanya. Iwekee draiva kabla haijafika: Device Manager, Action, "Add legacy hardware", chagua mwenyewe kutoka orodha, Have Disk, elekeza kwenye faili la inf. Simu ikija inakuta mlango uko wazi.

Pa kupakulia, mimi huanza Microsoft Update Catalog, unaandika ile namba yote ya VID na PID kwenye kisanduku cha kutafutia. Kinachokuja ni faili la cab, unalifungua kwa 7-Zip. Pakiti halali ya draiva ina inf, sys na cat, na kwa kawaida ni ndogo. Ukipewa exe moja inayotaka kwanza "ichunguze kompyuta yako", funga ukurasa. Tovuti hizo zina jina la kila simu iliyowahi kutengenezwa, na ukibonyeza unapata kitu kilekile.

Ikiwa draiva ni ya enzi za Windows XP na haina ya biti 64, usihangaike kuilazimisha. Weka VirtualBox, programu ya kuendesha Windows nyingine ndani ya kompyuta yako, na ndani yake Windows ya biti 32 ya zamani, na kwenye mipangilio ya USB ongeza kichujio chenye namba ya simu yako. USB 1.1 inatosha kwa viswaswadu. Au washa kompyuta kwa flashi ya Ubuntu, ambayo ni Linux, andika lsusb kuona namba za vifaa, kisha dmesg kuona kama kifaa kimeshikwa. PL2303 na ArkMicro zote zimo ndani ya Linux tayari, na ile chipu iliyokataliwa na Windows mara nyingi inakubali hapo bila kuweka kitu.

Ukishafanikiwa, toa nakala ya draiva zako kabla Windows haijasasishwa. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika pnputil /export-driver * D:\draiva, ukiwa umeshatengeneza folda hiyo. Siku ukiweka Windows upya ni pnputil /add-driver D:\draiva\*.inf /subdirs /install, na ile 3.3.2.102 utaichagua tena kwa mkono kwenye orodha.