Siku moja na mabua ya mtama

Saa 11:30 alfajiri. Mwezi wa sita Dodoma baridi haina utani. Bodaboda wangu amejifunga kitenge cha mkewe usoni, tunakata upepo kuelekea kijiji kimoja upande wa Chamwino. Naenda kukata mabua ya utafiti wangu wa nishati. Mama yangu hadi leo hajaelewa inakuwaje mtu asome miaka yote hiyo halafu akakate mabua.

Saa 1 asubuhi. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Umekuja kuwaona wagonjwa wako?"

Wagonjwa ni mistari yangu minne ya mtama. Ukishika jani lake unaona mshipa wa katikati una rangi ya kahawia badala ya weupe. Mtama wa mzee mwenye shamba umesimama wima; wangu, zaidi ya theluthi umelala. Mstari wa pembeni umebaki vishina tu, maana mbuzi wameutafuna wakaacha wa mzee pale pale jirani. Mzee anacheka: "Hawa wamekutangulia kufanya utafiti."

Na ni kweli wamenitangulia. Ndani ya bua mna selulosi, yaani glukosi iliyoungana minyororo mirefu. Ukiipata hiyo glukosi, hamira inaigeuza kuwa ethanoli, na ethanoli inawasha jiko na kuendesha gari. Shida ni lignini, inayoishikilia ile minyororo kama saruji inavyoshika nondo. Mtama huu una lignini kidogo, ndiyo maana mbuzi wameupenda. Ulipatikana Marekani, watafiti walipotibu mbegu kwa kemikali ili zibadilike, wakachapisha matokeo mwaka 1978. Baadaye ikajulikana kwamba katika aina kama hii yangu, iitwayo bmr-12, kilichoharibika ni jeni moja inayoshiriki kutengeneza lignini. Hakuna jeni ngeni iliyopandikizwa, kwa hiyo si GMO. Mzee ameniuliza hilo mara tatu, na ana haki: mahindi ya GMO ya kustahimili ukame yalipandwa kwa majaribio hapa hapa Dodoma, Makutupora, mwaka 2016, na 2018 serikali ikaagiza yasimamishwe.

Saa 4. Maabara. Kukata, kukausha, kusaga. Vumbi la mabua linawasha shingo kuliko upupu.

Saa 5:30. Nachemsha unga wa mabua kwenye maji ya kostiki, ile ile ya watengeneza sabuni, kulegeza lignini. Hapa ndipo pesa inapoishia: kemikali, joto, muda. Wengi wanaochezea jeni za mimea ya nishati wanajaribu kupunguza hatua hii.

Saa 7:30 mchana. Ugali wa mtama na mlenda. Dada wa maabara ananiuliza kwa nini tusipunguze lignini yote, yaishe. Namwonyesha picha za mtama uliolala. Lignini ndiyo mgongo wa mmea, na ndiyo inayoimarisha mirija ya kupandisha maji. Mwaka 2014 kundi moja la Marekani na Kanada lilipita njia ya werevu zaidi, kwa maoni yangu: hawakuipunguza. Walichukua jeni ya mmea wa dawa wa Kichina, wakaitia kwenye miti ya popla, lignini ikajengwa ikiwa na viungo vinavyokatika kirahisi ukitia kostiki kidogo. Mti unasimama, ila chunguni unalegea. Dada akasema, "Kama zipu." Ndivyo wenyewe walivyoiita!

Kuna na mahindi yaliyoruhusiwa Marekani mwaka 2011 yenye kimeng'enya cha kuvunja wanga ndani ya punje yenyewe. Bibi yangu angeyaelewa upesi. Yeye akipika pombe alitia kimea, na kazi ya kimea ni hiyo hiyo, kuvunja wanga uwe sukari. Haya mahindi yamezaliwa na kimea chake.

Saa 9:10. Umeme umekatika. Nina chupa 24 kwenye mashine ya kutikisa, mabua na vimeng'enya vya kuvunja selulosi iwe glukosi, nyuzijoto 50, saa ya 40 kati ya 72. Jenereta haina mafuta. (Ndiyo, maabara ya nishati.) Tumezifunga chupa kwa blanketi, tukazizungushia chupa za soda zenye maji ya moto, tukawa tunatikisa kwa mkono kwa zamu kama tunabembeleza watoto.

Saa 11:45 jioni. Umerudi. Joto lilishuka hadi 38. Nimeandika kila kitu kwenye daftari. Msimamizi ataamua kama turudie. Mimi naona turudie, ingawa vimeng'enya vilivyobaki havijai kikombe cha kahawa.

Saa 2 usiku. Mzee anapiga simu. Anataka kujua yale mabua yaliyolala nitayachukua lini, maana kwenye fomu yangu nimeyaandika "mabaki", na yeye hajawahi kuwa na mabaki: yanalisha ng'ombe, yanazungushia ua, mengine yanapikia. Nimemwambia anibakizie mashina kumi tu, mengine awape mbuzi.

"Wameshaanza," akasema.