Mwitaliano alipewa siku saba

Matatu yetu ilipata pancha hapo Mai Mahiu, karibu na kale kakanisa ka Waitaliano, na kwa sababu spea nayo ilikuwa imeisha upepo (usiniulize) tulikaa pale karibu saa nzima. Nimepita hapo maisha yangu yote na sijawahi kuingia. Ni kadogo jameni, watu kumi na mabegi yao na mmeshajaa.

Waliokajenga 1942 walikuwa wafungwa wa vita. Waingereza waliwashika huko Ethiopia na Somalia 1941, wakawaleta Kenya kwa maelfu, ndio hao wakapiga hii barabara ya kupanda kwenda Limuru. Na mambo ya hao watu ukiyasoma utashangaa. Januari 1943 watatu walitoroka kambi ya Nanyuki, sio ati kurudi kwao, ni kupanda Mlima Kenya. Vifaa vya kupandia walijitengenezea kambini kwa mavyuma ya kuokota okota. Wawili, Benuzzi na Balletto, wakafika kilele cha Lenana, wakasimika bendera ya Italia, halafu wakashuka wakarudi kambini wenyewe. Wakahukumiwa siku 28 seli. Mkuu wa kambi akasema hawa wana roho ya michezo bana, akapunguza zikawa saba.

Na hata hizo 28 hazikutoka hewani. Mkataba wa Geneva wa 1929 ulisema mfungwa wa vita akitoroka akashikwa anapewa adhabu ya nidhamu tu, na kufungiwa kusizidi siku 30. Yaani Mwingereza sheria aliijua, na aliifuata, kwa adui aliyekuwa anampiga risasi juzi tu.

Sasa ruka miaka 16, nchi ni hii hii, serikali ni ile ile ya Mwingereza. Machi 3, 1959, kambi ya Hola kule Tana River, wafungwa 85 wa Mau Mau, wale waliopigania uhuru, walitolewa kwenda kuchimba mitaro ya maji, na askari walikuwa na ruhusa ya kutumia nguvu kwa atakayegoma. Kumi na mmoja wakapigwa marungu mpaka wakafa, na serikali ikatoa taarifa kwamba wamekufa baada ya kunywa maji ya mkokoteni. Maji! Hao walikuwa kizuizini bila kesi, hakuna hakimu aliyewasikiliza. Mbona hawakupata Geneva? Kwa sababu haikuitwa vita, iliitwa Hali ya Hatari, na Mau Mau hakuitwa askari. Ujanja wote uko hapo kwa jina. Bush, rais wa Amerika, naye 2002 alisema Taliban hawastahili kuitwa wafungwa wa vita, na jela yao ya Guantanamo ikaendelea.

Kwa hivyo nikisikia Uingereza inafundisha nchi zingine haki za binadamu mimi huwa nauliza, za binadamu gani, wa Nanyuki ama wa Hola? Na sio sisi tu tuliuliza, hata Enoch Powell, mbunge wa Uingereza, mtu ambaye siwezi kumwita rafiki wa Mwafrika, Julai 1959 alisimama bungeni kwao akasema huwezi kuwa na kipimo kimoja cha Afrika na kingine cha nyumbani. 2011 ikajulikana wamekuwa na mafaili ya koloni yamefichwa Hanslope Park huko Uingereza, na 2013 wakasema wanasikitika, wakatoa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati huo, gharama za kesi zikiwa humo humo, na bado wakasema kuwajibika hawawajibiki.

Tairi likapona tukapanda. Shosho niliyekaa naye akaniuliza nimeona nini huko ndani, akasema babake alikaa kizuizini Manyani, kambi nyingine ya Mwingereza, miaka mitatu. Nikamweleza ya Waitaliano.

"Kumbe walikuwa wanaruhusiwa kusali?"

"Hata mlima walipanda, shosho."

Alicheka mpaka akatoa leso.